Mnara Waandikishwa Darasa la Kwanza

Nchi hii haipo, kwa hiyo asije mtu akasema anaifahamu. Inaitwa Jamhuri ya Hivikaribuni, na imepakana na nchi nyingine ambazo nazo hazipo. Watu wake ni wapole. Wakiahidiwa jambo hushukuru siku hiyo hiyo, ili hata lisipokuja, shukrani ziwe zimeshafika.

Katika wilaya ya mwisho ya jamhuri hiyo kuna kijiji kiitwacho Inua-Mkono. Jina lake la zamani limesahauliwa. Hili lilikuja na simu. Mtu akitaka kupiga, hupanda kichuguu kilicho nyuma ya kinu cha kusaga, akainua simu juu kabisa, akazunguka polepole kama anayeapishwa. Walio chini humuuliza, "Inasoma?" Naye, Mungu akimjalia, hujibu, "Inasoma mstari mmoja!" Mstari ukipotea, husema haisomi, akashuka mwingine apande. Ndivyo wasemavyo watu wa huko: simu husoma, mtandao husoma, mnara husoma. Neno lenyewe dogo, wala halikuwahi kumdhuru mtu, mpaka serikali ilipolisikia.

Palikuwa na binti aitwaye Sikujua, wa miaka ishirini na mbili, aliyeishia darasa la saba. Si kwamba alifeli. Ilikuwa tu kwamba shule ya sekondari ya kata ilikuwa imeshazinduliwa lakini haijajengwa. Aliishi na bibi yake, Bi Mashavu, wakila kutokana na shamba la viazi vitamu la nusu ekari pale kilimani. Lingine hawakuwa nalo. Sikujua hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kukaa akalitazama jambo mpaka jambo lenyewe lione haya.

Kwa kuwa mwandiko wake ulikuwa mzuri, alichaguliwa kuwa katibu wa Chama cha Wafuatiliaji wa Minara. Kuna watu wanaofuata mpira. Hawa walifuata minara. Walikuwa saba, na mwenyekiti wao alikuwa Mzee Mabruki, fundi redio mstaafu mwenye darubini ya jicho moja. Kila siku adhuhuri walikutana kinuni kupashana habari za minara ya kasi mpya iliyokuwa ikisimikwa wilaya za wenzao.

"Ule wa Kitongoni una mita arobaini na tano," alisema mmoja.

"Arobaini na mbili! Zile tatu ni fimbo ya radi. Wewe unahesabu na kofia ya mtu kwenye urefu wake?"

"Nilikuwepo, bwana!"

"Ulikuwepo ukitafuta mbuzi wako!"

Waligombana hivyo kwa furaha kabisa, na Sikujua akiandika yote kwenye daftari la miraba.

*

Siku moja ikatangazwa kwamba Waziri wa Kasi, Mheshimiwa Dakta Pazasauti, atawasili saa tatu asubuhi kuleta mnara. Aliwasili saa tatu asubuhi, ila ya keshokutwa yake.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Kasi ninayowaletea si kasi ya kuchezea! Ni kasi ambayo ukimpigia mtu, anapokea kabla hujapiga! Mtoto akizaliwa hapa leo, picha yake itakuwa imemfikia shangazi yake jana!"

Mzee Mabruki alilia machozi ya kweli. Wenzake wakamshika mabega.

Wataalamu walitazama kilima, wakatazama upepo, wakatazama mandhari ya bonde na mto, na utaalamu wao ukaangukia kwenye shamba la Bi Mashavu. Afisa Kasi wa Wilaya, Bwana Ngwashi, alileta karatasi na kidau cha wino wa dole gumba.

"Wewe binti ndiye utakayemsomea bibi? Jina lako nani?"

"Sikujua."

"Hukujua nini? Nauliza jina."

"Ndilo, afande. Sikujua."

"Hujui jina lako, halafu unataka kusoma mkataba wa serikali?"

Baada ya majirani kuingilia kati, Sikujua aliusoma mkataba wote, kidole chini ya mstari, neno kwa neno. Ilichukua saa nzima. Ngwashi alikunywa soda mbili. Karatasi ilisema shamba litakuwa la Wizara milele. Bi Mashavu akakunja dole gumba, akalificha kwapani.

"Milele ni lini?" aliuliza.

"Bibi, mnara huu ni maendeleo."

"Sijauliza ni nini, mwanangu. Nimeuliza ni lini."

Mwisho wakakubaliana iandikwe hivi: mnara umepewa mwaka mmoja uanze kusoma, na shamba litakuwa la Wizara maadamu mnara unasoma. Usiposoma, litarudi kwa mwenyewe pamoja na kila kilichojengwa juu yake.

"Ongeza neno moja," alisema Sikujua. "Maadamu mnara unasoma *hapo*. Usiposoma *hapo*."

Ngwashi alicheka mpaka soda ikampalia. "Sasa utasoma wapi kwingine, dada? Utapanda basi? Haya, hapo! Andika hapo, wino ni wa serikali."

Bi Mashavu alitoa dole lake kwapani, akalibandika.

*

Mnara ulizinduliwa mara nne. Kwanza ulizinduliwa msingi, kisha chuma, kisha rangi, kisha taa nyekundu ya kileleni, ambayo haikuwaka lakini utepe wake ulikatwa vizuri sana. Kila uzinduzi Mheshimiwa alichelewa na kila uzinduzi alishukuriwa. Kando ya mnara kilijengwa kibanda cha mashine. Kilikuwa na sebule, vyumba vinne vya kulala, na roshani inayotazama mto.

"Mashine gani hii inayolala vyumba vinne?" aliuliza Bi Mashavu.

"Mashine za siku hizi, bibi, zinahitaji kupumzika," alijibu Ngwashi. Mapazia yalipoletwa, alisema ni ya kuzuia vumbi.

Kitu kimoja tu hakikuja: kebo. Wapenzi wa minara waliliona hilo tangu siku ya kwanza, kwa darubini. Mnara ulisimama mita arobaini na tano, masikio yake sita yametazama pande zote, na chini hakuna waya hata wa kuanikia nguo. Walipouliza, waliambiwa kebo iko njiani. Wakawa na subira, maana njia za nchi hiyo ni ndefu.

Kila adhuhuri Sikujua alipanda kilimani na simu, akaitazama, akaandika: *Siku ya tano, haujasoma. Siku ya arobaini, haujasoma. Siku ya mia mbili na sita, haujasoma, kuna kunguru.* Kisha alishuka kwenda kulima vibarua kwenye mashamba ya watu, maana lake lilikuwa chini ya roshani. Jioni Bi Mashavu alikuwa akichemsha viazi alivyopewa na majirani. Mtu aliyekuwa akigawa viazi kijiji kizima sasa alikuwa akipokea, na kila alipopokea alisema ahsante kwa sauti ndogo zaidi ya jana.

Siku ya mia tatu na ishirini Mzee Mabruki hakuvumilia tena. Alimwambia katibu wake aandike barua, na Sikujua akaiandika kwa hati safi: *Kwa Wizara ya Kasi. Mnara wetu wa Inua-Mkono mpaka leo hausomi. Tunaomba mtume mtu.*

Barua ilipokewa na karani wa masjala, mtu mwaminifu aliyekuwa amefundishwa kuangalia neno kuu. Neno kuu lilikuwa *hausomi*. Akagonga muhuri: HAIHUSU KASI, PELEKA WIZARA YA ELIMU. Na Wizara ya Elimu, ambayo siku hizo ilikuwa imeagizwa isimwache nyuma hata mmoja, ikatuma mtu.

*

Alikuwa Mwalimu Zefania, kijana mwembamba, ubao mgongoni na sanduku la chaki mkononi. Aliwakuta wapenzi wa minara kinuni.

"Hodi wazee. Mwanafunzi yuko wapi?"

"Mwanafunzi gani, mwalimu?"

Akafungua karatasi. "Jina, Mnara. Umri, miezi kumi na moja. Urefu, mita arobaini na tano. Tatizo, hasomi."

Walitazamana. Sikujua akanyoosha kidole kilimani. Mwalimu aliinua macho, akayainua tena, kofia ikamdondoka.

"Ni mrefu kwa umri wake," alisema hatimaye.

"Mwalimu," Sikujua alisema kwa upole, "huoni wamekosea? Rudi ukawaambie."

"Dada yangu, nimemaliza chuo miaka sita iliyopita, sijapangiwa kituo. Jana nimepangiwa. Nirudi nikaseme mwanafunzi wangu ni chuma?" Akaokota kofia, akaipangusa vumbi. "Wengi wamefundisha vichwa vigumu kuliko hiki."

Habari zilifika makao makuu, na hapo ndipo ilipoonekana kwa nini Mheshimiwa Pazasauti ni waziri na wengine si mawaziri. Siku ya mia tatu na hamsini na nane alikuja mwenyewe, amechelewa saa nne tu, kwa kuwa lilikuwa jambo la dharura. Chini ya mnara alimkuta Sikujua, daftari mkononi.

"Mheshimiwa, mkataba wetu umebakiza siku saba," alisema binti, akipiga goti kidogo. "Mnara haujasoma hata siku moja. Bibi anaomba shamba lake."

"Haujasoma?" Waziri aligeukia waandishi wa habari. "Ndugu zangu, hebu tazameni!"

Walitazama. Mwalimu Zefania alikuwa ameegemeza ubao kwenye chuma, ameandika *a, e, i, o, u*.

"Mnara unasoma! Yuko darasa la kwanza! Mkataba unasema 'uanze kusoma'. Ameanza! Nani kati yenu alizaliwa akijua kusoma?"

Wananchi walipiga makofi, maana hoja ilikuwa nzito na jua lilikuwa kali.

"Mheshimiwa, sisi tulimaanisha—"

"Binti, wewe umesoma mpaka wapi?"

"La saba, Mheshimiwa."

"Basi subiri. Mnara akifika la saba, mtaelewana."

Watu walicheka. Hata wawili wa chama chake walicheka, kisha wakakohoa. Bi Mashavu aliyekuwa amekaa juu ya jiwe alijifunika kanga usoni. Sikujua alimtazama bibi yake, akamtazama waziri, akafunga daftari.

"Nitasubiri, Mheshimiwa," alisema.

*

Wiki hiyo hiyo ulitoka Waraka Namba Moja wa Sarufi. Uliagiza kwamba kwa kuwa mnara sasa ni mwanafunzi, ni marufuku kusema *mnara unasoma*. Isemwe *mnara anasoma*. Atakayesema *unasoma* atahesabiwa anamdharau mtoto wa shule. Mnara ulipigwa, samahani, alipigwa rangi nyeupe juu na bluu chini, ikawa sare. Bwana Ngwashi alijaza fomu ya kuandikishwa, na palipoandikwa *Mzazi au Mlezi*, akatia sahihi yake ndefu yenye mkia, kwa kuwa aliyeshika kalamu alikuwa ni yeye na picha ilikuwa inapigwa.

Masomo yakaendelea. Kila asubuhi mwalimu aliita rejesta, "Mnara!" na Mzee Mabruki, ambaye hakuweza kuvumilia kuona mnara unaitwa bila kuitika, alijibu kwa niaba, "Yupo!" Mahudhurio yalikuwa mia kwa mia. Siku moja mwalimu aliugonga kwa fimbo kuona kama kuna mtu ndani, nao ukalia *ngooo*. Ngwashi akaandika kwenye ripoti: "Ameanza kutamka."

Kwa kuwa mwanafunzi alikuwa chini ya Wizara ya Kasi, alipandishwa darasa kila wiki mbili. Sikujua alikuwa akija kukaa pembeni, akitazama. Mwalimu alimwonea aibu.

"Dada, nisamehe. Najua shamba ni lenu. Sina nikupacho."

"Una vitabu."

"Nina viwili. Hiki cha hesabu, na hiki Sheria ya Elimu, walinipa niwekee ubao usiteleze."

"Niazime hicho cha chini ya ubao."

Alikwenda nacho kibaruani. Wakati wa kupumzika, wenzake wakilala kivulini, yeye alisoma, kidole chini ya mstari. Palikuwa na kurasa mia moja na tisini, na maneno mengi yalikuwa makubwa bila sababu. Alichukua wiki tano. Ukurasa wa mia na sitini na mbili alisimamisha kidole, akasoma tena, akasoma mara ya tatu. Kisha akafunga kitabu, akaenda kumalizia matuta mawili yaliyobaki.

"Mbona unatabasamu na jembe?" aliuliza Bi Mashavu alipomwona.

"Nimefurahi, bibi. Mnara uko la sita. Naomba Mungu afaulu."

"Umerogwa wewe?"

*

Mtihani wa darasa la saba ulifanyika chini ya ulinzi wa askari wanne. Mtahiniwa alikaa kimya muda wote, hakugeuka, hakuomba kwenda msalani, hakutazamia kwa jirani. Karatasi yake ilikusanywa nyeupe kama ilivyogawiwa. Wasahihishaji waliumwa kichwa siku tatu, maana akifeli, itakuwa hakusoma, na asiposoma, roshani inarudi kwa bibi. Ndipo mkubwa wao akagundua kwamba karatasi nzima haikuwa na jibu hata moja lililokosewa. Mnara wa Inua-Mkono akawa wa kwanza kitaifa.

Sherehe ilikuwa kubwa. Redio ya taifa ilirusha moja kwa moja, kutokea kwenye kichuguu, mtangazaji akiwa ameinua mkono. Mheshimiwa Pazasauti alizungumza kwa saa mbili kuhusu mtoto huyu wa chuma aliyetoka katika mazingira magumu. Alipomaliza, mkono mmoja ulikuwa juu. Katika kijiji kile mkono juu si ajabu, lakini huu haukuwa na simu.

"Yule binti wa la saba!" alisema waziri kwa huruma. "Sema, mama. Leo mko sawa, wewe na yeye."

"Ahsante, Mheshimiwa. Nampongeza mwenzangu. Nauliza tu, amepangiwa shule gani?"

Waziri alisita. Lakini makofi yalikuwa bado masikioni, redio ilikuwa wazi, na mtu hawezi kumtangaza wa kwanza kitaifa halafu akasema hana pa kwenda.

"Shule gani? Unauliza shule gani? Ya vipaji maalumu! Ya bweni! Makao makuu kabisa!"

Vigelegele vilipaa. Sikujua alisubiri viishe vyote. Kisha akatoa kitabu kwenye kanga, akakifungua pale alipoweka jani la kiazi, akasoma kwa sauti, kidole chini ya mstari:

"'Mwanafunzi yeyote aliyefaulu darasa la saba sharti aripoti shule aliyopangiwa ndani ya siku kumi na nne. Mzazi, mlezi au kiongozi atakayemzuia mwanafunzi huyo kwa sababu yoyote, iwe ndoa, iwe kazi, iwe kuchunga, atafungwa miaka mitatu, wala hakutakuwa na faini.' Hapa chini pana sahihi, Mheshimiwa. Ni yako, enzi ukiwa Elimu."

Akafunga kitabu.

"Sheria nzuri sana," aliongeza Sikujua. "Nasi tunaahidi hapa redioni kwamba hatutamzuia."

Waziri alicheka, akatafuta wa kucheka naye. Bwana Ngwashi hakuwa tayari. Alikuwa amekumbuka fomu, na sehemu ya *Mzazi au Mlezi*, na sahihi ile ndefu yenye mkia.

*

Siku kumi na mbili za kwanza zilikuwa za simu kutoka makao makuu. Ngwashi aliagizwa apande kichuguu kupokea maelekezo, lakini kila alipoinua mkono, haikusoma. Siku ya kumi na tatu aliwaza kuhusu miaka mitatu, akaja na lori, winchi na mafundi wanane.

Mnara ulifunguliwa boliti moja moja, ukalazwa vipande juu ya lori. Kwa kuwa fomu ya kujiunga ilitaka godoro, ndoo, jembe na kufuli, vyote vilifungwa kileleni, pembeni ya taa nyekundu. Wapenzi wa minara waliusindikiza mpaka barabara kuu. Mzee Mabruki alikuwa analia tena.

"Sikujua, umetuondolea mnara, binti yangu!"

"Mzee wangu, wameondoa chuma. Mnara haujaletwa bado." Akampa kitambaa. "Na chama hakijafa. Tutamfuatilia huko bweni."

Mzee akafikiri. Akafuta machozi. "Andika basi. Ameondoka saa sita na robo. Masikio sita, yote mazima."

Adhuhuri ya siku ya kumi na tano, Bi Mashavu alishika mkataba mkononi, ingawa hakujua kuusoma, akapanda kilimani na mjukuu wake. Hapo hapakuwa na kinachosoma. Palikuwa na mashimo manne ya msingi, shamba lililojaa magugu, na kibanda cha mashine chenye vyumba vinne. Ngwashi aliwakabidhi funguo bila kuwatazama usoni, akaomba mapazia yabaki na Wizara. Hakupewa.

Mwalimu Zefania alipangishwa chumba kimoja, akalipa kwa viazi, kisha kwa kufundisha watoto wa kijiji pale sebuleni, maana sekondari ya kata ilikuwa bado inazinduliwa. Chama kilipewa roshani kwa mikutano. Habari zilikuja mara kwa mara: Mnara kidato cha pili, Mnara kiranja mkuu, Mnara ametajwa kuwa anafaa kuwa mkuu wa wilaya.

Siku ya mavuno ya kwanza, bibi na mjukuu walikaa roshani wakimenya viazi. Bi Mashavu alikuwa ameshagawa vikapu vitano kwa majirani, na sauti yake ilikuwa imerudi ukubwa wake.

"Niambie kweli," alisema. "Yule mnara, huko alikokwenda, ameshaletewa kebo?"

"Bado, bibi. Iko njiani."

"Kwa hiyo mpaka leo haujasoma hata mstari mmoja?"

"Haujasoma hata mmoja. Ila amesoma."

Bi Mashavu alikata kiazi vipande viwili, akaviweka sufuriani.

"Ah," alisema. "Kama Mheshimiwa."